Filta ya hadroliki: kuingia kwenye uzi sio kufaa

Msimu wa kulima unakaribia na najua kitakachotokea, mtu anafungua filta ya hadroliki (mfumo wa mafuta unaonyanyua majembe) ya trekta lake, anaenda nayo dukani inachuruzika mafuta, muuzaji anaipima kwa macho, anashusha inayofanana, wanaijaribu kwenye uzi, yaani zile nyuzi za skrubu, inazunguka mpaka mwisho, basi imeingia, analipa anaondoka. Wakulima wenzangu hapo ndo mnapoulia pampu. Filta ya injini na ya hadroliki zinaweza kuwa na uzi uleule, urefu uleule, hata rangi moja, na ndani zikawa vitu tofauti kabisa.

Kufungua na kufunga mnajua, sina haja ya kurudia. Tuongelee usichokiona.

Filta nyingi zina valvu ya baipasi ndani, karatasi ya kuchujia ikiziba au mafuta yakiwa mazito asubuhi kwenye baridi, valvu inafunguka mafuta yanapita bila kuchujwa ili mfumo usikwame. Sasa inafunguka kwenye presha gani? Ya injini mara nyingi ni kama bar 0.6 mpaka 1. Ya hadroliki inayokaa kwenye laini ya kurudi, mafuta yakirudi tangini, kawaida ni bar 1.7 hivi, yaani psi 25. Ukiweka ya injini hapo, kila ukishusha plau mafuta yakirudi kwa nguvu valvu inaachia na uchafu unapita zake, filta ipo ila haichuji, na wewe unajisifu umebadilisha.

Upande wa kuvuta ndo mbaya zaidi. Filta iliyokaa kabla ya pampu inatakiwa baipasi ndogo sana, bar 0.2 au 0.3. Pampu haina uwezo wa kuvuta zaidi ya presha ya hewa yenyewe, ambayo ni bar 1 ukiwa Pwani na kama bar 0.8 tu ukiwa Njombe kule juu. Kwa iyo ukifunga filta ya injini yenye valvu ya bar 1, hiyo valvu haitafunguka hata siku moja, karatasi ikiziba pampu inakosa mafuta, inaanza kulia kama inasaga kokoto, mafuta yanatoka povu, alafu unaambiwa pampu ilikuwa feki. Haikuwa feki!

Afu kuna mashine ambazo baipasi ipo kwenye kichwa, pale filta inapofungwa, sio kwenye kopo la filta, na nyingine kinyume chake. Ukikosea hapo unaweza kukuta hamna baipasi popote na karatasi imejikunja ndani kama kopo la soda.

Mikroni nazo, yaani ukubwa wa chembe inazozuia, mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Boksi mbili zimeandikwa 10, moja bei rahisi, unachukua ya rahisi. Uliza beta yake, namba inayoonyesha inazuia chembe kiasi gani. Beta 2 maana yake kati ya chembe mbili za ukubwa huo moja inapita, beta 200 inapita moja kati ya 200. Na jicho lako linaanza kuona vitu vya mikroni 40 hivi, so usiniambie mafuta yanaonekana masafi.

Kingine, usichukulie filta uliyoikuta kwenye trekta kama ndo sampo, hasa trekta la mtumba. Fundi aliyepita naye alienda dukani na ya zamani mkononi. Toa namba kwenye kitabu cha spea cha trekta lako. Kama namba hiyo haipo mjini na unapewa mbadala, linganisha uzi, kipenyo cha gasketi, presha ya baipasi, mikroni pamoja na beta, na lita kwa dakika inazobeba. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha hivyo kwenye katalogi, achana naye. Na uzi upimwe kwa vernia (kipimo cha milimita cha fundi), tafadhali, sio kwa kidole: robo tatu inchi ni milimita 19.05 na M20 ni 20, moja inaingia kwenye nyingine ikilegalega na unaona sawa, mpaka mafuta yamoto yaichomoe katikati ya shamba.

Kufunga: paka mafuta gasketi, hakikisha gasketi ya zamani haijabaki imeganda kwenye kichwa, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kama kopo halijaandikwa vingine. Spana ya cheni ni ya kufungulia. YA KUFUNGULIA.

Trekta jipya, au pampu ikitoka kufunguliwa, badilisha kwenye masaa 50 ya kwanza, baadaye fuata kitabu, vingi vinasema masaa 250 au 500. Masaa ya mita ya trekta, sio "tangu mwaka jana", maana wanaolima mashamba ya watu wanamaliza masaa hayo ndani ya msimu mmoja.

Ikikaa sawa majembe yananyanyuka bila kusitasita na pampu haipigi kelele, basi.

Ile ya zamani ipasue uangalie karatasi, ila usitumie msumeno wa chuma, utajaza vumbi la chuma ulilolitengeneza mwenyewe. Kata kwa kikatio cha kopo, kunjua karatasi juani. Ving'aavyo vya njano ni bushi za pampu zinalika, vipande vyeusi vya mpira ni sili, na kama karatasi imevimba na mafuta meupe kama maziwa, maji yameingia, mwaga mafuta yote kabla hujafunga filta mpya.