Petroli yenye ethanoli: jinsi ya kuitumia ikufae na isikuharibie gari

Kabla ya kujaza, jua mambo mawili: mafuta hayo yana ethanoli (alkoholi ya miwa au mahindi) asilimia ngapi, na gari lako linahimili asilimia ngapi. E10 ina ethanoli isiyozidi asilimia 10, E85 inaweza kufika 85. Chungulia ndani ya kifuniko cha tangi au fungua kitabu cha gari. Magari mengi ya injekta yaliyotoka kiwandani kuanzia miaka ya 2000 yanakubali E10. E85 ni ya magari ya fleksi tu, ambayo injekta na pampu zake hupitisha mafuta mengi zaidi, mipira yake hailiwi na alkoholi, na kompyuta yake hutambua mchanganyiko uliomo.

Usilazimishe. Kilo moja ya petroli huungua kwa kilo 14.7 za hewa, ya ethanoli kwa 9 tu. Hewa ileile basi inadai ethanoli nyingi zaidi. Kwenye E10 kompyuta huongeza mafuta kwa takriban asilimia 4 na gari halina habari. Ukitia E85 kwenye gari la kawaida, itaongeza mpaka ifike kikomo, mara nyingi karibu asilimia 25, kisha taa ya injini iwake na mashine ya kusoma makosa ionyeshe P0171: mafuta ni machache kuliko hewa. Fundi asiyeambiwa ulichojaza anaweza kukubadilishia sensa ya oksijeni iliyo nzima kabisa.

Faida yenyewe iko wapi? Kwanza okteni, yaani kipimo cha mafuta kuhimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati: ethanoli ina takriban 109, na inapogeuka mvuke hufyonza joto zaidi ya mara mbili ya petroli, hivyo huipoza hewa inayoingia kwenye silinda. Injini yenye turbo, ambayo ndiyo yenye tabia ya kugonga (mafuta kulipuka kabla ya wakati), hunufaika sana. Injini ndogo iliyoundwa kwa okteni 91 haitaongezeka nguvu ya maana. Usiinunue kwa tamaa hiyo. Pili, theluthi nzima ya uzito wa ethanoli ni oksijeni, kwa hiyo moshi hutoka na kaboni monoksidi kidogo. Kuhusu hewa ukaa, inategemea kiwanda. Ethanoli ya miwa iliyokenekwa kwa moto wa makapi ya miwa yenyewe inaizidi mbali ile ya mahindi iliyochemshwa kwa makaa ya mawe.

Kama hukiamini kibandiko cha pampu, pima mwenyewe, nje, mbali na moto. Chukua silinda ya kupimia ya mililita 100, tia maji mililita 10 yenye tone la rangi ya chakula, kisha ongeza petroli hadi alama ya 100. Ziba, tikisa nusu dakika huku ukifungua kidogo kutoa mvuke, halafu iache dakika 10. Ethanoli itaihama petroli ifuate maji. Tabaka la rangi lililo chini likipanda hadi 19, kuna mililita 9 za ethanoli ndani ya 90 za mafuta, yaani asilimia 10. Mafuta uliyopimia usiyarudishe kwenye tangi.

Hicho ulichokiona kwenye silinda ya kupimia, ethanoli kuihama petroli na kufuata maji, ndicho kinacholiua gari lililolala muda mrefu. E10 hubeba maji takriban nusu ya asilimia, karibu mililita 200 kwenye lita 40. Yakizidi hapo, maji na ethanoli hujitenga na kuzama, palepale pampu inaponyonya. Gari linapigwa stata haliwaki, au linawaka na kuzima. Kuongeza petroli mpya juu yake ni kupoteza pesa: mwaga tangi lote, badilisha chujio. Gari likitarajiwa kusimama zaidi ya mwezi, liache na tangi lililojaa na uhakikishe raba ya kifuniko haijapasuka.

Gari kuukuu lataka uangalifu zaidi. Ethanoli hung'oa uchafu uliojikusanya tangini kwa miaka, na uchafu huo huishia kwenye chujio. Libadilishe baada ya tangi mbili au tatu za mwanzo. Minya mipira ya mafuta kwa vidole: iliyovimba, inayonata au yenye nyufa itolewe, iwekwe ya aina ya Viton, raba isiyoliwa na alkoholi. Magari ya kabureta ni bora yabaki na petroli tupu.

Mwenye fleksi anaweza kuchanganya apendavyo. Lita 30 za E10 zina ethanoli lita 3, na lita 10 za E85 zina 8.5, jumla ni 11.5 ndani ya 40, karibu asilimia 29. Ukibadilisha mafuta, endesha kilomita kadhaa kabla ya kuegesha, kompyuta iusome mchanganyiko mpya. La sivyo, asubuhi ya baridi itakusumbua.

Kisha hesabu. Lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa theluthi moja, kwa hiyo E10 inakupunguzia kama asilimia 3 ya kilomita, E85 kati ya 25 na 30. Nchini Brazili, ambako fleksi zinauzwa tangu 2003, madereva hugawa bei ya ethanoli kwa bei ya petroli. Jibu likiwa chini ya 0.7 wanajaza ethanoli. Kikomo cha gari lako mwenyewe, badala ya hiyo 0.7, kipate hivi: jaza mpaka pampu ikate, andika kilomita, rudia kwa tangi tatu za kila mafuta, kisha gawa kilomita za lita moja ya ethanoli kwa zile za petroli.