Droni ya polisi juu ya paa lako: barua ya kuandika na pa kuipeleka

Kwanza, usirushe jiwe. Nasema hivi kwa sababu vijana wa mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale Mombasa, wakiona droni imesimama juu ya paa wanakwenda kutafuta manati. Nyingi ninazoziona huku si za polisi kabisa, ni za wapiga picha za harusi na watu wa mahoteli. Hizo zina mlango wake: kanuni za droni za mwaka 2020 zinamtaka mwenye kamera aheshimu faragha ya watu, na lalamiko linakwenda KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Ya polisi ni habari nyingine. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, unazihesabu ndege za polisi kuwa za dola, si za kiraia, kwa hivyo usimalize nauli kwa watu wa usafiri wa anga.

Kwetu faragha iko juu. Nyumba zimebanana, na huko sakafuni, yaani juu ya paa, ndiko wanawake wanakovua buibui, wanakoanika na kusukana. Ukuta wa paa umepandishwa kimo cha mtu makusudi, jirani asione. Droni haina habari na ukuta.

Ukiiona, andika papo hapo: tarehe, saa, kichochoro gani, ilikaa muda gani, kulikuwa na msako au maandamano karibu? Aliyeishika rimoti ulimwona? Alivaa sare?

Sasa barua, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Naletewa barua nizisahihishe, nusu yake zinauliza “Kwa nini mnatuchungulia?” Swali hilo afisa analijibu kwa neno moja, usalama, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kweli inaruhusu kuzuia habari zinazohatarisha usalama wa taifa. Wewe usiulize nia yao. Omba makaratasi. Yangu huwa hivi:

“Kwa Inspekta Jenerali, Huduma ya Taifa ya Polisi. KUH: Ombi la habari chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari, 2016. Naomba nakala ya mwongozo unaosema nani ana ruhusa ya kurusha droni yenye kamera juu ya makazi ya watu; nakala ya tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, iliyotajwa katika kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, 2019; maelezo ya muda ambao picha huwekwa kabla ya kufutwa, cheo cha anayezitunza, na taasisi nyingine zinazopewa. Naomba pia kujua kama droni ya polisi iliruka mtaa wa … tarehe … kati ya saa … na saa …”

Basi. Matusi na historia ya mtaa viache nje. Na usihangaike kutafuta mtu wa kukutilia Kiingereza. Sheria yenyewe inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Sababu ya kuomba hulazimiki kuitoa. Kuomba hakulipiwi, labda gharama ya kutoa nakala. Weka namba ya kitambulisho, maana haki hii ni ya raia.

Chapisha mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Wakikunyima muhuri, nenda posta uitume kwa rejista, risiti ina tarehe. Kuanzia hapo wana siku 21, na wanaweza kujiongezea 14. Wakinyamaza, sheria inahesabu kuwa wamekataa, nawe una siku 30 za kupeleka shauri kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.

Kama unaamini umo kwenye picha zenyewe, andika ombi la pili, la data zako binafsi, na liende siku ile ile kwa sababu picha hufutwa. Hili halijali uraia. Shangazi yangu mwenye pasipoti ya Oman anaweza kuliandika. Kanuni za ulinzi wa data zinataka ujibiwe ndani ya siku 7, bila malipo. Huenda wakakutajia kifungu cha 51, cha usalama wa taifa. Waambie waandike hivyo kwa barua, kisha ipeleke kwa Kamishna wa Data, ambaye ana siku 90 za kuchunguza. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, iache kwa siku ambayo afisa mwenyewe amemdhulumu mtu.

Na mkiwa majirani kumi, andikeni barua kumi, si moja yenye sahihi kumi. Kila moja ina siku zake 21, na moja ikipotea mezani kwa mtu, tisa bado zinadai jibu.