Namna ya Kupima na Kujenga Uungaji Mkono wa Mkataba wa Amani katika Jamii Iliyogawanyika Kikabila

Anayetaka kuwashawishi wananchi waukubali mkataba wa amani, mahali ambapo makundi ya kikabila yamepigana, asiridhike na asilimia ya jumla. Katika kura ya maoni ya Ireland ya Kaskazini ya tarehe 22 Mei 1998, asilimia 71 ya waliopiga kura waliukubali Mkataba wa Ijumaa Kuu, uliokusudiwa kumaliza mapigano kati ya Wakatoliki, ambao wengi wao walitaka kuungana na Ireland, na Waprotestanti, ambao wengi wao walitaka kubaki Uingereza. Lakini Wakatoliki waliunga mkono karibu wote, ilhali Waprotestanti waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Kwa sababu hiyo, matokeo ya kila utafiti wa maoni yachambuliwe kundi kwa kundi, na kundi lenye mashaka zaidi ndilo liwe kipimo.

Maswali nayo yatungwe kwa uangalifu. Mtu akiulizwa tu kama anaunga mkono mkataba, mara nyingi hujibu kwa kutazama nani aliyeutia saini. Huko Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, kuanzia mwaka 1996, zilifanyika tafiti ambazo maswali yake yalitungwa kwa kushirikiana na vyama vya siasa vyenyewe, na kila pendekezo likapimwa kwa ngazi tano: ni la lazima, linatamanika, linakubalika, linavumilika, au halikubaliki kabisa. Kwa maoni yangu ngazi ya nne ndiyo yenye faida kuliko zote, kwani mapatano mengi husimama juu ya mambo ambayo hakuna upande unaoyapenda.

Kifungu kinachochoma kikishajulikana, kishughulikiwe mapema. Huko Ireland ya Kaskazini kilikuwa kile cha kuwaachilia, ndani ya miaka 2, wafungwa wa makundi yenye silaha. Baadhi yao walipewa ruhusa ya muda mwezi huohuo wa Mei, wakashangiliwa hadharani, na upande wa pili ukachukizwa mno. Siku 2 kabla ya kura, Waziri Mkuu wa Uingereza Tony Blair alitangaza mjini Coleraine ahadi alizoziandika kwa mkono wake ili kuwatuliza wenye wasiwasi. Ahadi za namna hiyo zitolewe kwa tahadhari, kwa kuwa zisipotimia zinageuka deni: IRA, kundi lenye silaha la upande wa Wakatoliki, ilichelewa kuziondoa silaha zake, imani ya Waprotestanti wengi ikaporomoka, na katika uchaguzi wa mwaka 2003 chama cha Waprotestanti cha DUP, kilichoupinga mkataba, kikapata viti vingi kuliko vyama vyote.

Kundi la wachache lielezwe kwanza dhamana zake, ndipo faida zifuate. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005, iliyotokana na Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000, ilizuia kabila lolote kuwa na zaidi ya nusu ya jeshi. Kifungu hicho kimoja kiliwapa Watutsi kinga na kuwafungulia Wahutu mlango wa jeshi uliokuwa umefungwa.

Jambo la mwisho ni kuchunguza gharama ya kukataa. Wakupro wa Kigiriki walipopiga kura tarehe 24 Aprili 2004 kuhusu mpango wa Umoja wa Mataifa wa kukiunganisha tena kisiwa chao cha Kupro, kilichogawanyika kati yao na Wakupro wa Kituruki, walijua kwamba wangeingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei kwa vyovyote vile, na Rais wao, Tassos Papadopoulos, alikuwa amewahimiza kupitia televisheni waukatae. Takriban asilimia 76 waliukataa, ingawa Wakupro wa Kituruki waliukubali kwa asilimia 65. Tarehe ya kura, basi, isipangwe kabla kiongozi mkuu wa kila kundi hajautetea mkataba hadharani mbele ya watu wake mwenyewe. Aliyesaini kwa shingo upande atakaa kimya, na ukimya wake utahesabiwa kuwa ni kukataa.