Kituo cha Ufundi na Biashara Ndogo Mtaani: Tafuta Kazi Kwanza, Kisha Fundisha

Kituo cha kwanza nilichoshiriki kukianzisha kilifundisha ushonaji. Tulikuwa na vyerehani vizuri, mwalimu hodari na wanafunzi wenye bidii, lakini walipohitimu, wote kwa siku moja, walijikuta wakigombea wateja ambao tayari walikuwa na mafundi wao. Baada ya miezi michache wengi wao walikuwa wameiacha kazi hiyo. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu kosa halikuwa lao bali letu sisi tuliopanga masomo kabla ya kuuliza ni nani atakayenunua kazi ya mikono yao. Tangu wakati huo ninafuata mpangilio ulio kinyume, na huo ndio ninaoueleza hapa kwa yeyote anayetaka kuanzisha kituo katika mtaa ambao ajira zimepungua na fedha ni adimu.

Hatua ya 1: Zunguka mtaani ukiwa na daftari

Tenga wiki mbili au tatu. Nenda nyumba kwa nyumba na kibanda kwa kibanda, ukiongozana na mkazi anayeaminika, na uulize maswali matatu: Ni kitu gani kimeharibika hapa na hakijatengenezwa? Ni huduma gani mnayoifuata mbali? Ni nani hapa mwenye ujuzi wa kazi fulani, hata kama haifanyi tena? Usianze kwa kuuliza watu wangependa kujifunza nini, kwa sababu watakutajia fani wanazoziona kila siku, ambazo mara nyingi ndizo zilizokwisha kujaa, au watakutajia kile wanachodhani umekuja kukigawa.

Swali la tatu ndilo lenye hazina. Katika mtaa unaoitwa maskini utamkuta fundi umeme aliyestaafu, mama aliyewahi kusimamia jiko la shule na kijana anayetengeneza simu za rafiki zake bila malipo. John McKnight na John Kretzmann wa Marekani walieneza katika miaka ya 1990 njia ya kuanza na orodha ya uwezo uliopo badala ya orodha ya upungufu, na kwa uzoefu wangu faida yake kubwa ni ya kiutendaji: walimu wako wa kwanza unawapata humohumo mtaani, wala huhitaji kuwatafuta nje.

Hatua ya 2: Chagua fani mbili na uzijaribu kwa oda za kweli

Fani mbili zinatosha kwa mwaka wa kwanza. Moja iwe ya ukarabati, kwa kuwa vitu huharibika hata watu wanapokosa fedha za kununua vipya, na nyingine iwe ya kuzalisha bidhaa inayonunuliwa mara kwa mara. Kabla ya kukodi chumba, tafuta oda kumi ndogo zinazolipiwa, uzifanye kwa zana za kuazima, na uandike muda, malighafi na malipo ya kila moja. Ukishindwa kupata oda kumi, badilisha fani. Ni afadhali kuligundua hilo sasa kuliko kuligundua baada ya kuwaita vijana thelathini darasani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kituo kujitegemea

Tuseme gharama za kudumu za mwezi, yaani kodi ya pango, umeme wa taa, ulinzi na malipo ya msimamizi, zinafika 600 kwa fedha yoyote unayotumia, na kila kazi, baada ya kutoa vipuri na ujira wa waliofanya, inakiachia kituo 12. Kituo kitahitaji kazi 50 kwa mwezi, sawa na kazi 2 kwa siku kikifunguliwa siku 25. Sasa rudi kwenye daftari la hatua ya kwanza ujiulize kama mtaa unaweza kuleta kazi 2 kila siku. Kama hauwezi, tafuta chumba cha bei nafuu zaidi au uongeze huduma nyingine, lakini usiliache pengo hilo lizibwe na ahadi ya mfadhili. Ruzuku ninaipokea kwa mashine na zana peke yake. Kodi ya pango na mishahara inayolipwa kwa ruzuku hukoma siku ruzuku inapokoma, na milango hufungwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Tafuta mahali

Chumba kiwe kwenye njia ambayo watu hupita, kiwe na umeme wa uhakika, choo na kufuli imara, na mkataba wa pango uwe wa maandishi. Tenga pia pembe ya watoto yenye mlezi. Jane Addams na Ellen Gates Starr walipofungua Hull House, nyumba ya huduma za jamii huko Chicago, Marekani, mwaka 1889, miongoni mwa huduma zao za mwanzo ilikuwa malezi ya watoto wa akina mama waliokuwa wakienda kazini, na sababu hiyo haijabadilika: mzazi asiye na pa kumwacha mtoto hataweza kujifunza, hata masomo yakiwa ya bure.

Hatua ya 5: Fundisha ndani ya kazi

Usiwaingize wanafunzi wote kwa pamoja. Pokea wawili au watatu kila baada ya wiki chache, ili wanaotangulia wawasaidie wanaofuata, na ili wanaomaliza waingie sokoni kidogo kidogo. Fundi mmoja asisimamie wanagenzi zaidi ya wanne. Wakizidi hapo, ataanza kuwafanyia kazi badala ya kuwaelekeza.

Mwanagenzi huanza kwa kutazama na kupanga zana, kisha hufanya sehemu ya kazi akiwa na fundi kando yake, na mwishowe huifanya kazi nzima, fundi akibaki wa kukagua tu. Kila mmoja awe na daftari linaloonyesha kazi aliyoifanya, tarehe na saini ya fundi. Daftari hilo ni la thamani kubwa, kwa kuwa nchi nyingi zina mamlaka ya mafunzo ya ufundi inayowapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza nje ya vyuo, na rekodi nzuri humsaidia mwanagenzi kujiandaa kwa kipimo hicho. Miwani ya kukinga macho, glavu na sanduku la huduma ya kwanza vipatikane kabla ya mashine ya kwanza kuwashwa.

Weka pia mfuko mdogo wa kufidia malighafi inayoharibika mikononi mwa wanaojifunza. Nimeona kijana akiacha mafunzo kwa aibu ya kipande cha kitambaa alichokikata vibaya na kudaiwa, ilhali hasara hiyo ingefidiwa kwa oda moja.

Hatua ya 6: Bandika ukutani namna malipo yanavyogawanywa

Kila malipo yanapoingia, kwanza ondoa gharama ya malighafi, kisha gawanya kinachobaki kati ya fundi, mwanagenzi na kituo kwa viwango vilivyokubaliwa katika mkutano na kubandikwa mahali ambapo kila mtu anaviona. Mwanagenzi alipwe, hata kama ni kidogo, tangu siku anapoanza kugusa kazi ya mteja. Malalamiko mengi niliyowahi kusuluhisha vituoni hayakutokana na wizi, bali na watu kutojua fedha zimekwenda wapi.

Usikopeshe wateja. Watu 28 walioanzisha duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 walishikilia kanuni ya kuuza kwa fedha taslimu, na kituo kichanga kinaihitaji nidhamu hiyo: nusu ya malipo itolewe wakati wa kuagiza, na iliyobaki wakati wa kuchukua. Fedha zisitolewe benki bila saini mbili, na hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya wakazi kila mwezi.

Hatua ya 7: Jenga mtaji kwa akiba ya wanachama wenyewe

Anayehitimu bila mtaji hubaki tegemezi, kwa hiyo kikundi cha kuweka na kukopa kianze mapema, wakati wa mafunzo. Utaratibu ninaoupendekeza ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991. Wanachama 15 hadi 25 hukutana mara kwa mara, kila mmoja hununua hisa 1 hadi 5 katika kikao, na fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu tofauti. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na baada ya takriban mwaka mmoja fedha zote, pamoja na faida ya riba, hugawanywa kwa kadiri ya hisa. Fedha za nje zisiingizwe sandukuni kabla mzunguko wa kwanza haujakamilika, kwa maana mtu hulinda zaidi akiba aliyojinyima ili kuiweka.

Hatua ya 8: Waandae kuondoka

Mhitimu apewe meza ya kufanyia kazi zake mwenyewe kwa miezi sita, akilipa kodi ndogo inayopanda kila mwezi, na baada ya hapo aendelee kuazima mashine kubwa kwa malipo ya saa. Mtembelee baada ya miezi sita na tena baada ya mwaka, umuulize amefanya kazi ngapi mwezi uliopita, amebaki na kiasi gani, na ni kazi zipi alizozikataa kwa kukosa ujuzi au zana. Majibu ya swali hilo la mwisho yaandike katika daftari lilelile la hatua ya kwanza, kwa kuwa humo ndimo utakamoichagua fani ya tatu.