Kuhamisha domeni bila kodi yako kuvuja

Wakuu, mteja wangu mmoja wa Tukuyu, mama anauza parachichi, juzi katuma kodi ya kuhamishia domeni yake (lile jina la tovuti) kwenye grupu la WhatsApp la wakulima wenzake, watu mia na ushee, alidhani yuko inboksi kwangu. (Kodi nayosema hapa ni yale maherufi ya siri, sio ya TRA.) Mimi niko zangu Mwanjelwa nakunywa chai, ikabidi niiache.

Sasa ujue kitu kimoja, msajili (kampuni unayolipia domeni) wa zamani na yule mpya unayehamia hawatumiani kodi kwa imeili. Wote wanaongea na rejista kuu, yaani daftari la domeni zote za aina hiyo, kwa .com ni Verisign, kupitia mfumo wa wasajili unaitwa EPP na mawasiliano yake yamefungwa kwa TLS, usimbaji unaozuia wengine kuyasoma. Wewe unachukua kodi kwa wa zamani, unaiingiza mwenyewe kwenye akaunti yako kwa mpya, rejista inalinganisha, basi. Huko juu kumekaa vizuri, panapovuja ni huku chini kwako na kwa fundi wako. Akipiga mtu eti natoka kampuni mpya nisomee kodi, kata simu.

Kabla hata ya kuomba kodi, kaangalie imeili ya mmiliki ni ya nani. Aisee hapa ndo wengi wanakwama, unakuta tovuti ilitengenezwa na kijana alikuwa anasoma hapa Mbeya, akasajili kwa imeili yake, kamaliza chuo kaenda Dar na namba kabadilisha, kwahiyo domeni ni yako kwa mdomo tu. Wengine wameweka info@ ya domeni hiyohiyo, sasa nemseva (zile seva zinazoelekeza domeni iende wapi) zikiyumba katikati ya kuhama imeili nayo imekufa na ujumbe wa msajili huuoni. Weka imeili nyingine kabisa, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, bora wa app kuliko SMS maana laini yako mtu anaweza kuirenew. Ila ukibadilisha jina au imeili ya mmiliki domeni inaweza kufungwa isihame siku 60, muulize msajili kwanza kama anakuruhusu kukwepa hilo fungio. Domeni iliyosajiliwa au kuhamishwa chini ya siku 60 nayo mara nyingi itagoma.

Kufuli, ile setting kwa msajili inayozuia domeni isihame, itoe siku ileile unayohama, sio wiki moja kabla. Kodi ikopi kutoka kwenye akaunti uipesti moja kwa moja. Kama lazima fundi aipate, mpigie umsomee, na kama imeshavuja tengeneza nyingine, ya zamani inakufa. Ndicho tulichofanya kwa yule mama, kabla hata grupu halijamaliza kumuuliza hiyo ni vocha ya mtandao gani.

Ukishaomba kuhama, msajili wa zamani atakutumia taarifa, na ana hadi siku 5 za kuiachia. Usibonyeze linki, andika anwani yake mwenyewe uingie uone. Kama sio wewe uliyeomba, kataa hapohapo. Ukichelewa ikawa imeshaondoka, mbane msajili wako atumie TEAC, hiyo ni njia ya dharura ya wasajili kutafutana chini ya ICANN, shirika linaloweka taratibu za domeni kama .com, na upande wa pili unatakiwa kujibu ndani ya masaa 4. Wengi wa huduma kwa wateja hawatakutajia, itaje wewe.

.co.tz iko chini ya rejista ya hapa Tanzania, haifuati hizi taratibu za ICANN, kwahiyo uliza msajili wako utaratibu wake kabla hujagusa kitu.

Ikifika rudisha kufuli, na kwa .com angalia kama umeongezewa mwaka 1. Hosting, yaani sehemu mafaili ya tovuti yanapokaa, haihami na domeni, usije ukailipia kule mpya halafu ukazima ya zamani kabla hujahamisha mafaili.

Yule mama siku hizi akitaka kunitumia kitu anapiga kwanza, "mwanangu, hapa ni wewe au ni grupu?"