Mtoto akijitupa chini dukani kwa Mangi, fanya hivi

Nimefundisha chekechea miaka kumi na kitu huku Mbagala na nimelea wangu watatu, haya nayoandika nimeyaona kwa macho. Kwanza tuliache hili neno "anadeka". Mtoto ana njaa, anadeka. Anaogopa, anadeka. Kamwonea wivu mdogo wake aliyezaliwa juzi, nako kudeka. Ile sehemu ya mbele ya ubongo inayosaidia mtu kujizuia inaendelea kukomaa mpaka mtu anavuka miaka 20, sasa we unataka wa miaka 3 awe nayo tayari?

Hatua ya 1: tulia wewe. Usicheke, hii ndo ngumu kuliko zote, maana kuna mama pembeni kashaanza "mchape huyo, watoto wa siku hizi bwana" na macho yote yako kwako. Wengi tunachapa kwa sababu ya yule mama, wala sio ubuyu anaoulilia mtoto.

Hatua ya 2: mtoe njiani kwenye bodaboda, halafu chuchumaa uso wako ulingane na wake.

Hatua ya 3: itaje hasira yake kwa maneno mafupi. Kitinda mimba wangu alitaka ubuyu, nikamwambia "umekasirika, ulitaka ubuyu, mama kasema hapana", nikanyamaza. Akazidisha kelele (ndiyo, mara nyingi inapanda kwanza), akanirushia ndala, nikaiokota nikamwambia ndala hairushwi, nikabaki palepale. Kama dakika tano hivi akaja mwenyewe kuegemea goti langu, kamasi zote kwenye kanga.

Hatua ya 4: ubuyu asipate! Hapa wazazi wapole ndo tunapoharibu. Kuielewa hasira yake sio kumpa anachotaka, ukimpa leo kwa sababu kalia, kesho atalia mara mbili maana kashajua bei yake.

Hatua ya 5 ni ya jioni, unamwogesha hivi huku mnapiga stori, muulize "leo dukani ulikuwaje?" Mpe majina: hasira, wivu, aibu, woga, huzuni. Siku akiweza kusema "nimenuna" hana haja sana ya kurusha ndala. Wa kiume ndo umkazanie, ye anaambiwa mwanaume halii hata kaptula hajajua kuvaa.

Na ukishindwa ukafoka? Mimi nimefoka sana tu. Mrudie, mwambie "mama alikupigia kelele, amekosea, samahani". Ishia hapo, usiongeze "lakini na wewe ulizidi", hiyo samahani inakuwa imekufa.

Ila kama kila mara anagonga kichwa ukutani mpaka anaumia, au maneno aliyokuwa anayasema kayaacha, mpeleke hospitali akaonwe na daktari wa watoto, msiambiane "ataacha akikua".