Wazazi wa manyoya mafupi, mtoto wa manyoya marefu: namna ya kuifuatilia jeni iliyojificha

Siri hutoka wiki ya tano. Watoto wa mbwa aina ya German Shepherd wakizaliwa wote wanafanana, weusiweusi kama panya waliolowa. Wiki ya nne, ya tano hivi, unaona mmoja ana vishungi nyuma ya masikio na manyoya yamechomoza katikati ya vidole. Huyo atakuwa na manyoya marefu. Mara ya kwanza iliponitokea hapa Arusha nilimshuku mbwa koko wa mtaani. Nilimsingizia.

Hatua ya 1: Jua kinachorithiwa

Urefu wa manyoya unaamuliwa hasa na jeni iitwayo FGF5, ambayo kazi yake ni kuuambia unywele basi, acha kukua. Kila mbwa ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Nakala nzima tuiite L, yenye hitilafu l. Nakala moja nzima inatosha kufanya kazi, kwa hiyo mbwa wa Ll ana manyoya mafupi sawasawa na wa LL. Kwa macho huwatofautishi. Wa ll ndiye anayerefusha.

Hatua ya 2: Jaza daftari

Mwenye manyoya marefu, andika ll. Mfupi aliyezaliwa na mzazi mrefu, andika Ll. Mfupi aliyewahi kuzaa mtoto mrefu, naye ni Ll, hakuna mjadala. Jike akiwa kwenye joto anaweza kushika mimba ya madume wawili kwa mpigo, lakini hata kama mbwa koko kweli aliruka uzio, mama ametoa l yake vilevile. Waliobaki waandike L na kistari, maana nakala yao ya pili hujaijua.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Chora kisanduku cha vyumba vinne, herufi za baba juu, za mama pembeni. Ll kwa Ll inakupa LL, Ll, Ll na ll, yaani robo ni mrefu.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Robo ile ni bahati ya kila mtoto peke yake, si mgawo wa uzao mzima. Jike akizaa 8, uwezekano wa kutokumwona mrefu hata mmoja ni robo tatu ikizidishwa yenyewe mara nane, yaani karibu asilimia 10. Kwa hiyo mtu akikuambia "dume wangu ameshazalisha, hakutoa mrefu", bado hajakuambia kitu. Na wale wafupi wa uzao huo, kila mmoja ana uwezekano wa theluthi mbili kuwa amebeba l. Ukimuuzia mfugaji mwenzako, mwambie.

Hatua ya 4: Thibitisha

Wazee walimpandisha dume kwa jike wa manyoya marefu. Kama dume ni Ll, kila mtoto ana nusu kwa nusu. Wakija 5, wote wafupi, basi kwa dume aliyebeba l, uwezekano wa kutokea hivyo ni 1 kwa 32. Njia nzuri, ila unabaki na watoto watano wa kulisha na kutafutia wenyewe.

Mimi napima DNA. Mbwa akae kama saa moja bila kula. Kitoto kinachonyonya kitenge na mama yake kwanza, maana mate yake yanaweza kuwa na chembe za mama. Sugua kijiti cha pamba ndani ya shavu, kizungushe, kisha kiache kikauke chenyewe. Usikifungie kwenye nailoni kikiwa kibichi, kitaota ukungu. Bahasha ya karatasi inatosha kukipeleka maabara.

Hatua ya 5: Panga wa kupandisha

LL kwa Ll haitoi mrefu kamwe. Basi usimwondoe Ll mwenye nyonga nzuri na akili iliyotulia kwa sababu ya herufi moja. Nyonga mbovu ni msiba mkubwa zaidi. Isitoshe, kiwango cha FCI (shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa) cha 2010 kinayakubali manyoya marefu, mradi yawe na manyoya laini ya ndani. Kwa mteja wa Dar namtahadharisha tu kuhusu joto, na kupe wanaojificha vizuri humo.

Yule mrefu wangu wa kwanza nilimgawa bure nikidhani ana kasoro. Siku hizi wateja wanapiga simu kuulizia warefu, na majike niliobaki nao wote ni LL.